Hela ya picha inapita kwetu mawakala

Ndugu Mhariri,

Nina kibanda cha kutuma na kutoa pesa hapa Morogoro, huu mwaka wa saba. Naomba nafasi niseme jambo ambalo wanaojadili usalama wa watoto mtandaoni hawaligusi, labda kwa sababu hawakai kibandani.

Mwaka jana binti mmoja wa sekondari alikuja na kikaratasi alichokichana kwenye daftari la hesabu. "Shikamoo, anti. Niwekee elfu kumi kwenye namba hii." Noti za elfu moja na elfu mbili, nyingine zimekunjwa mpaka zikawa kama kidonge. Nikamwekea. Baada ya siku nne akarudi na namba ileile, elfu kumi na tano. Mara ya tatu alileta sarafu tupu, elfu nane na mia tano, tukazihesabu wote wawili juu ya kaunta. Nikamuuliza anamtumia nani, akasema shangazi yake. Jina lililotokea kwenye simu yangu lilikuwa la mwanaume.

Sikusema kitu. Kamisheni yangu ilishaingia, nikamwambia karibu tena. Nalisema hili wazi kwa sababu najua mawakala wenzangu wengi wangefanya hivyohivyo.

Mara ya nne hakuwa na hela. Alikuja kuuliza kama nanunua simu. Ndipo akanieleza, ameipa barabara mgongo. Alikuwa na "mchumba" wa Instagram, hawajawahi kuonana. Akamtumia picha mbili. Siku ya pili mchumba akabadilika: leta hela, la sivyo picha zinaenda kwa baba yako na kwenye magrupu ya koneksheni. Msomaji asiyejua koneksheni ni nini amuulize kijana yeyote. Ni picha na video za utupu zilizovuja, na watu wazima wenye heshima zao huziomba bila haya, kama mtu anayeomba namba ya bodaboda.

Huyo mtu hakumtisha binti kwa kisu. Alimtisha kwa sisi. Baba atakuua, shule itakufukuza, mtaa utakucheka. Na sehemu kubwa alikuwa anasema kweli. Shule ilipopata habari, kikao cha kwanza kilikuwa cha adhabu ya kukutwa na simu. Kaunta ya polisi, swali la kwanza lilikuwa, "Na wewe kwa nini ulituma?" Binti akageuka atoke. Bahati nzuri askari mwingine, mama wa makamo, alitupeleka chumba cha Dawati la Jinsia na Watoto, akafunga mlango, akaandika maelezo yote bila kuguna. Jengo ni hilohilo moja.

Baba yake nilimwita mwenyewe kibandani kabla ya kumwambia kitu kingine chochote. Alikaa juu ya ndoo, akanyamaza, kisha akauliza, "Angeniambia tu. Kwa nini hakuniambia?" Nikamuuliza angemfanya nini. Hakunijibu.

Sheria tunayo. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema mtoto ni yeyote aliye chini ya miaka 18. Kifungu cha 13 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 kinamtaka anayechapisha picha za ngono za mtoto alipe faini isiyopungua shilingi milioni 50, au afungwe si chini ya miaka 7, au vyote viwili. Na kuchapisha kwenye sheria hiyo si kazi ya magazeti, Mhariri. Kusambaza kumo. Yule anayeirusha kwenye grupu la ukoo na maneno "huyu si binti wa fulani?" yumo na yeye.

Sasa ninachoomba. Kampuni za simu zinatuma ujumbe kila mara kutuonya juu ya matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii", na namba za matapeli hao tunajua tuzipeleke 15040. Noti bandia tumefundishwa. Mtoto anayekamuliwa hela hatujawahi kufundishwa kumtambua, na sisi ndio tunaomuona uso kwa uso. Dalili zake si ngumu: namba moja kila baada ya siku chache, jina la mpokeaji halifanani na la anayetajwa, mtoto hasubiri hata meseji ya muamala. Wasichana na wavulana. Mvulana ndiyo hata hasemi kabisa. Usimuulize mbele ya foleni. Mwambie abaki, hata kama floti, yaani hela yetu ya kufanyia miamala, iko karibu kuisha.

Mwambie pia asitume tena hata mia, maana anayelipwa leo kesho anapandisha bei. Asifute meseji, hata kama zinamtia aibu. Laini ambazo hazikusajiliwa kwa alama za vidole zilianza kuzimwa Januari 2020, kwa hiyo kila muamala una jina nyuma yake. Jina laweza kuwa la bibi fulani aliyedanganywa wakati wa usajili, lakini mtu aliyekwenda kuitoa hela hiyo alisimama mbele ya kibanda kama changu. Daftari langu la miamala niliwapa polisi.

Ipo pia huduma ya bure ya NCMEC, kituo cha Marekani cha watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, inaitwa Take It Down. Simu inatengeneza alama ya namba kutokana na picha, picha yenyewe haitoki kwenye simu, na mitandao iliyojiunga, Facebook, Instagram na TikTok ikiwemo, inaitumia alama hiyo kuizuia. Meseji za WhatsApp haizifikii. Huko tumebaki sisi na vidole vyetu.

Namba ya simu ya msaada kwa mtoto ni 116, haikatwi hela. Kampuni zikichapisha bango jipya la makato, mstari mmoja wa namba hiyo utaenea. Langu nimeiandika kwa makapeni, na mvua ya juzi imefuta nusu.

Wakala, Morogoro