Umbali una kazi yake katika michezo ya mtandaoni

Mhariri,

Nimesoma kwa makini uchambuzi uliochapishwa hivi karibuni katika ukurasa wako wa teknolojia kuhusu michezo ya uigizaji ya mtandaoni, ile ambayo maelfu ya watu huingia katika dunia moja, kila mmoja na mhusika wake, na dunia hiyo ikaendelea kuwapo hata mchezaji anapozima kompyuta. Mwandishi aliipima michezo hiyo kwa uzuri wa picha na ukubwa wa ramani, kisha akausifu mmoja wao kwa kuwa mchezaji anaweza kufika popote kwa kubonyeza mara moja. Naomba nafasi nieleze kwa nini mimi naiona sifa hiyo kuwa kasoro.

Picha hazikuwa msingi wa michezo hii tangu mwanzo. Mchezo wa MUD, ambao Roy Trubshaw na Richard Bartle waliuandika katika Chuo Kikuu cha Essex nchini Uingereza kuanzia 1978, ulikuwa wa maandishi matupu: mchezaji alisoma maelezo ya mahali alipo, akaandika kwamba anakwenda kaskazini au kusini, akasoma maelezo ya mahali pengine. Hata hivyo palikuwa na hapa na kule, na baina yake njia ya kupita, hivyo aliyeijua njia alikuwa na hazina ambayo mgeni hakuwa nayo.

Mfano ninaouona kuwa na mafunzo mengi zaidi ni EverQuest, uliotoka 1999. Kuvuka bahari katika mchezo huo kulimlazimu mtu angoje meli gatini pamoja na watu asiowajua, na katika kungoja huko ndimo mazungumzo yalimozaliwa. Waliochagua wahusika wa aina ya wachawi au druidi, yaani waganga wa maumbile, waliweza kuwahamisha wenzao kwa uganga, nao wakaugeuza uwezo huo kuwa kazi: aliyetaka kufika mbali aliwaita, akawalipa, wakampeleka. Katika seva nyingi, yaani nakala mbalimbali za dunia hiyo, wachezaji walilifanya handaki moja la eneo liitwalo East Commonlands kuwa soko lao, ingawa hakuna mbunifu aliyekuwa amejenga soko pale. Mwaka 2002 toleo la nyongeza liitwalo Planes of Power likaleta kituo kilichounganishwa na sehemu nyingi za dunia hiyo kwa vitabu vya kichawi ambavyo mchezaji yeyote angeweza kuvitumia. Safari zikafupika kweli, lakini wale wasafirishaji wakapoteza wateja wao, na magati yakabaki bila wasafiri.

EVE Online, mchezo wa anga uliotengenezwa Aisilandi na kutolewa 2003, unaonyesha upande wa pili. Una mifumo ya nyota zaidi ya 7,000, na bidhaa haisogei kutoka mfumo mmoja kwenda mwingine mpaka mchezaji aipakie chomboni na kuisafirisha, huku akijua kwamba njiani anaweza kuviziwa na kuporwa. Ndiyo maana bei hutofautiana kutoka mahali hadi mahali, kuna wachezaji wanaoishi kwa uchukuzi na wengine kwa uharamia, na mfumo wa Jita umekuwa soko kuu kwa sababu wachezaji wenyewe walijazana hapo. Ukiuondoa umbali, biashara yote hiyo haina pa kusimama.

World of Warcraft ulianza 2004, na kwa miaka yake ya mwanzo kundi lilipaswa kukusanyika na kufika mlangoni mwa pango la maadui kabla ya kupigana. Desemba 2009 ikaingizwa zana inayowatafutia watu wenzao na kuwahamishia pangoni papo hapo, bila safari. Toleo la kale liliporudishwa 2019, lilirudi bila zana hiyo.

Najua hoja ya wanaopinga, na ni nzito: mtu mwenye saa moja tu ya kucheza jioni hapendi kutumia nusu yake akitembea. Sidai kila safari iwe ndefu, na njia tupu isiyo na hatari wala tukio ni uvivu wa mbunifu. Ninachodai ni kwamba, pale safari inapofupishwa, ufupisho huo utoke mikononi mwa wachezaji wengine, kama ilivyokuwa kwa wale wachawi, au uwe na gharama inayomfanya mtu afikiri kabla ya kuondoka. Mimi mwenyewe nimewahi kuvuka msitu mzima usiku nyuma ya mgeni aliyejitolea kunionyesha njia, na jina la mhusika wake nalikumbuka hadi leo, ilhali pango tulilokuwa tukiliendea nimelisahau.

Kwa hiyo nawaomba waandishi wako, watakapochambua mchezo mwingine, watueleze pia inachukua muda gani kutoka mji mmoja hadi mwingine, na mtu hukutana na nani njiani.

Msomaji wako wa siku nyingi