Kabla ya kuchagua programu ya kuhariri, tuulize tutatokaje

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalosahauliwa kila unapozuka mjadala wa programu za kuhariri video na sauti. Watu hushindanisha madoido na wepesi wa kujifunza, ilhali swali la kwanza lingekuwa hili: kazi ninayoihariri leo, nitaweza kuifungua na kuirekebisha miaka kumi ijayo?

Asiyezoea kazi hii huenda asijue kwamba faili la mradi kwa kawaida halibebi picha zenyewe. Huhifadhi maamuzi ya mhariri tu, yaani klipu ikatwe wapi, ipi itangulie, sauti ishushwe kiasi gani, na mara nyingi maamuzi hayo huandikwa kwa namna inayoeleweka na programu hiyo peke yake. Apple ilipotoa Final Cut Pro X mwaka 2011, programu hiyo haikuweza kufungua miradi ya toleo lililoitangulia, na wahariri wengi walilalamika, kwa haki kabisa. Mwaka 2013 Adobe nayo ilitangaza kwamba matoleo mapya ya Premiere Pro yangepatikana kwa ada ya muda tu; anayeacha kulipa hubaki na mafaili yake, lakini hana cha kuyafungulia.

Sipingi programu za kulipia, kwani nyingine zinastahili bei yake. Hata hivyo, anayeanza atazame kwanza programu huria kama Kdenlive kwa video na Audacity kwa sauti, ambazo msimbo wake uko wazi na hakuna kampuni inayoweza kumfungia toleo alilonalo. DaVinci Resolve ina toleo la bure lenye uwezo mkubwa wa kusahihisha rangi, ingawa si programu huria na huielemea kompyuta dhaifu.

Kabla ya kulipa, mtu atengeneze mradi mfupi, autoe kwa muundo wa XML au EDL, yaani miundo ya kuhamishia orodha ya mikato kutoka programu moja hadi nyingine, kisha aufungue katika programu nyingine aone kilichopotea. Mikato mara nyingi husalimika, madoido ndiyo hutoweka. Sauti nayo aihifadhi katika WAV, muundo ambao kwa kawaida haubani sauti, si MP3 pekee, maana MP3 hupunguza ubora kila inapohifadhiwa upya.

Ningeomba waandishi wako wa teknolojia, wanapolinganisha programu hizi, wafanye jaribio hilo na kutuchapishia matokeo yake.

Msomaji wako