Barua kwa Rehema kuhusu jioni ya Kazantzakis

Mpendwa Rehema,

Hujambo, na watoto hawajambo? Nimefurahi kusikia mmepata ukumbi hapo Athens wa kuonyesha ile filamu ya hali halisi juu ya Nikos Kazantzakis, yule mwandishi wa Kigiriki. Umeuliza uanzie wapi. Anza na ruhusa. Diski ya kutazama nyumbani haikupi haki ya kuonyesha ukumbini, hata kama hakuna kiingilio. Mwandikie mtayarishaji, taja tarehe na idadi ya viti, upate jibu kwa maandishi.

Kisha manukuu, yaani maandishi ya tafsiri chini ya picha, maana hapo ndipo jioni nyingi huharibikia. Faili lihifadhiwe kwa UTF-8, mfumo wa kuhifadhi herufi za lugha zote, la sivyo herufi za Kigiriki zitageuka alama za kuuliza. Manukuu yaliyopangwa kwa picha 24 kwa sekunde yakiwekwa kwenye nakala ya picha 25, huanza sawasawa kisha huachwa nyuma kidogo kidogo. Filamu ikitimiza saa moja, yamechelewa zaidi ya dakika mbili. Kwa hiyo kujaribu mwanzo tu hakutoshi: nenda moja kwa moja dakika kumi za mwisho, utazame midomo. Skrini nayo ipande, ukingo wa chini uwe angalau mita 1.2 kutoka sakafuni, ama sivyo walioko nyuma watasoma visogo vya watu. Na ukichomeka waya wa HDMI, sauti aghalabu hukimbilia kwenye kispika cha projekta. Ihamishie kwenye spika za ukumbi kabla watu hawajaingia.

Mjadala ndio wenye kazi. Wengi watakuja na Zorba, mhusika wa riwaya ya Kazantzakis, kama walivyomwona katika filamu ya 1964, na usipoangalia muda wote utaishia kwenye sirtaki, ngoma iliyotungwa kwa ajili ya filamu hiyohiyo! Giorgis Zorbas, mtu halisi aliyekuwa chanzo cha mhusika huyo, hakuwa mtu wa kisiwa cha Krete. Yeye na Kazantzakis walichimba makaa ya lignaiti huko Mani, kusini mwa Peloponnese. Riwaya ya 1946 ndiyo iliyouhamishia mgodi Krete. Mwingine atasimama aseme Kanisa la Kiothodoksi lilimtenga Kazantzakis. Viongozi wa Kanisa hilo walimshutumu vikali, ila hukumu rasmi ya kumtenga haikutoka. Roma, yaani Kanisa Katoliki, ndiyo iliyoiweka riwaya yake juu ya jaribu la mwisho la Kristo katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa, mwaka 1954. Kazantzakis alipofariki Freiburg, Ujerumani, Oktoba 1957, mwili uliletwa Heraklion, huko Krete, ukaagwa katika kanisa la Mtakatifu Minas, ndipo akazikwa juu ya ngome ya Martinengo, kwenye ukuta wa mji huo. Mwandikie mwongoza mjadala hayo kwenye karatasi, asibishane na watu kwa kukumbukakumbuka.

Tena asianze na “mmeionaje filamu?” Swali hilo huleta kimya, au hotuba. Kaburini kumeandikwa: “Situmaini chochote. Siogopi chochote. Mimi ni huru.” Basi aulize: mtu asiyetumaini chochote alipata wapi nguvu ya kuandika shairi la mistari 33,333, ile Odyssey yake ya 1938? Hapo hata asiyesoma kitabu ana la kusema.

Kama kutakuwa na mkalimani, dakika arobaini ni ishirini tu za mazungumzo, yaani maswali matano au sita. Kipaza sauti kibaki mkononi mwa msaidizi wenu. Kikishikwa na mgeni, kukirudisha ni kazi.

Ukipata faili la manukuu nitumie mapema, nilipitie.

Wako,
Zuhura