YAH: MIKANDA YA SHINGONI YA MBWA KUUZWA KWA KIGEZO CHA UZITO

Ndugu Meneja,

Ninalalamikia mkanda wa shingoni wa mbwa nilioununua katika duka lenu la hapa Arusha na, zaidi ya mkanda wenyewe, jedwali mlilolibandika ukutani, ambalo humchagulia mbwa mkanda kwa uzito wake peke yake. Kwa kuwa mbwa wangu ana kilo 20, mhudumu wenu alinipa saizi ya kati, ingawa nilimweleza kwamba shingo, niliyoipima kwa futi ya fundi cherehani, ni sentimita 36. Tundu la ndani kabisa la mkanda huo linafungia sentimita 42.

Kilo 20 za mbwa wa kienyeji mwenye miguu mirefu si sawa na kilo 20 za buldogi, ambaye sehemu kubwa ya uzito wake iko kifuani na shingoni. Kichwa cha mbwa wangu ni chembamba, hakizidi shingo kwa kiasi kikubwa, hivyo aliposhtushwa na bodaboda na kurudi nyuma, mkanda ulimvuka masikio nikabaki na kamba mkononi kando ya barabara kuu. Kwamba hakugongwa si kwa sababu ya bidhaa yenu.

Niliporudi dukani nilishauriwa nitoboe tundu jingine. Mkanda ni wa nailoni ya kufumwa. Ukitobolewa bila kuwekewa pete ya chuma, nyuzi hufumuka na bizimu hulegea, tena ncha ndefu inayobaki ikining'inia humpa mbwa kitu cha kutafuna.

Naomba nirudishiwe fedha zangu, na jedwali hilo liondolewe, mahali pake pawekwe vipimo vya shingo kwa sentimita. Wahudumu wapime pale mkanda unapokaa, futi ikipita chini ya manyoya, kisha wahakikishe vidole viwili vinapita kati ya mkanda na shingo, kwa kuwa mkanda unaobana nao huchubua ngozi na kumsumbua mbwa anapopumua. Kwa mbwa wenye vichwa vyembamba, leteni mikanda inayojikaza kidogo inapovutwa na yenye kikomo cha kukaza, msiwauzie minyororo ya kunyonga niliyoiona kwenye rafu hiyohiyo.

Nimeambatanisha nakala ya risiti, na mkanda nitaurudisha mtakaponijulisha siku ya kuja. Nategemea majibu ya maandishi ndani ya siku 14.

Wenu mwaminifu,
Mteja, Arusha