Endelea kumsemesha kaka Salim

Tanga,
Jumapili usiku

Mpendwa Mwanaidi,

Nimefika salama, ila moyo nimeuacha wodini. Maneno ya yule muuguzi hayanitoki: "Msijichoshe kumsemesha, hasikii." Nilikuona ukikatisha maneno katikati, ukauingiza mkono wa kaka Salim, aliyelala pale bila kuitikia, ndani ya shuka. Shoga yangu, usinyamaze.

Mwaka 2005, mtafiti wa ubongo Marcello Massimini na wenzake waliusisimua ubongo wa watu kwa sumaku kupitia fuvu, huku wakipima umeme wake. Mtu akiwa macho, msisimko ule ulihama kutoka sehemu hadi sehemu kwa muda wa milisekunde 300 hivi. Akiwa usingizini fofofo, ulizuka palepale ulipoanzia, ukazimika upesi, haukufika kokote. Ubongo ni uleule! Mimi huufananisha na mtaa wetu: mchana mmoja akipiga yowe, jirani anaitikia, wa pili anatoka na lake, habari inafika hadi sokoni. Usiku wa manane yowe linaishia ukutani. Inaonekana fahamu inahitaji hayo mawili, nafasi ya kusambaa na muda wa kuendelea.

Na hayo hayaonekani usoni. Mwaka 2006, mtafiti mwingine wa ubongo, Adrian Owen, na wenzake walieleza habari za mwanamke wa miaka 23, huko Uingereza, aliyeumia kwenye ajali ya gari. Miezi mitano haitikii neno. Wakamweka kwenye mashine ya MRI, inayoonyesha sehemu za ubongo zinazofanya kazi, wakamwambia awaze anacheza tenisi. Zikaamka sehemu za ubongo zinazopanga mwendo. Wakamwambia awaze anapita vyumba vya nyumba yake. Zikaamka zile za kutambua mahali. Alikuwa akisikia, Mwanaidi. Alikuwa akitii.

Mwaka 2024 ukatoka utafiti mkubwa zaidi: wagonjwa 241 wasioitikia amri kwa nje, na 60 kati yao ubongo ulionyesha kuitikia.

Siwezi kukuahidi kwamba kaka ni kama hao. Ila kesho ukikaa naye, mtembeze nyumbani. Anzia barazani, pale anapovulia kobazi zake, upite ukumbini hadi uani kwenye mwembe. Nenda polepole, umpe nafasi. Mwambie mama kamfulia kanzu yake nyeupe.

Ijumaa nakuja, nitalala mimi wodini, wewe upumzike.

Wako,
Rukia