Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama, wazazi na walimu wetu,

Assalamu alaykum, na hamjambo nyote mliotoka Likoni, Jomvu, Changamwe, Kisauni na kwengineko.

Kazi iliyotushughulisha mwaka huu ni kumtambua mapema mtoto anayetaabika kusoma ilhali akili anazo, yaani mwenye disleksia. Kwa wazazi tumesikia yaleyale: mvivu, mtukutu, karogwa. Wengine walishawanywesha watoto makombe, yale maji yaliyooshea aya zilizoandikwa, kabla ya kufikiria tathmini. Siwalaumu, hakuna aliyewaelekeza.

Jambo moja nataka kila mzazi aondoke nalo. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hivyo mtoto mwenye disleksia aweza kukisoma bila makosa mengi, ila polepole mno; akifika mwisho wa sentensi, mwanzo umeshampotea. Kiingereza, ambacho herufi zake hazitulii kwenye sauti moja, ndicho humfichua, nasi tukasema hajui Kiingereza, yakaisha. Chuoni, kwenye madrasa ya Qurani, ni vivyo hivyo: sura amezihifadhi kwa kusikia, tena kwa sauti nzuri, lakini mfungulie ukurasa asiouzoea uone anavyohangaika. Hapo pasiwe na bakora. Apimwe kwanza macho na masikio, kisha apelekwe kwenye tathmini.

Huduma hiyo ipo. Vituo vya EARC, vya kutathmini watoto wenye mahitaji maalumu, vilianzishwa nchini Kenya mwaka 1984, na taasisi ya KISE, iliyoanzishwa 1986, inafunza walimu wa elimu maalumu. Hata hivyo wazazi wengi hawakuwa wamewahi kuvisikia, na hili linaniuma. Ripoti ya tathmini ina uzito: Baraza la Mitihani huweza kumwongezea muda mtahiniwa mwenye mahitaji maalumu, ila ombi hupitia shuleni, mapema, wakati wa usajili. Msingoje mwaka wa mtihani.

Walimu waliojitolea wamefanya mengi kwa vitu vidogo. Wanamsomea mtoto swali, wanampokea jibu kwa mdomo, hawamnakilishi ubao mzima, wala hawamsimamishi asome mbele ya wenzake. Nawashukuru kwa dhati. Darasa lenye wanafunzi wengi si mahali rahisi pa kufanyia hayo.

Hesabu za fedha atazisoma mhazini.

Kwa mwaka ujao naomba mkutano huu upitishe mambo mawili: fungu la nauli kwa wazazi wanaopeleka watoto tathmini, na kikao cha pamoja na walimu wa vyuo, maana wao huwa na watoto wetu kabla hata hawajaanza gredi ya kwanza.