Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Viwanja vya Makazi na Mipango Miji ya Halmashauri Zetu

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba ya chama chetu, nawasilisha taarifa ya mwaka mbele ya mkutano mkuu. Mambo ya fedha mtayasikia kwa mweka hazina, na hali ya uanachama kwa katibu. Mimi nitajikita kwenye kazi iliyobeba sehemu kubwa ya vikao vya kamati: upatikanaji wa viwanja vya makazi na namna halmashauri zetu zinavyopanga miji.

Msimamo wa kamati ni kwamba uhaba wa viwanja tunaoulalamikia hautokani na ukosefu wa ardhi. Halmashauri zinatangulia kuchora na kuchelewa kulipa fidia, kisha kiwanja kilichopo kwenye karatasi kinahesabiwa sawa na kiwanja ambacho mtu anaweza kuchimba msingi kesho asubuhi. Hapo ndipo tatizo lilipo.

Kiwanja kinahesabiwa kuanzia lini?

Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya Tanzania, Na. 8 ya 2007, mamlaka ya upangaji ni halmashauri ya jiji, manispaa au mji. Inapotoa taarifa yake hutaja idadi ya viwanja "vilivyopangwa na kupimwa", na madiwani hupiga makofi. Ukiifumua idadi hiyo unakuta vitu vitano tofauti ndani yake. Kuna viwanja vyenye mchoro wa mipango miji ulioidhinishwa, lakini wenye mashamba hawajalipwa. Kuna ambavyo fidia imelipwa na bikoni, yaani alama za zege za mipaka, hazijasimikwa. Kuna vyenye ramani ya upimaji iliyosajiliwa, ila barabara haijachongwa na eneo bado ni pori. Kuna vyenye barabara bila maji wala umeme. Mwisho, kwa uchache wake, kuna viwanja vyenye vyote, ambavyo mtu akilipia leo anajenga.

Kamati inaomba halmashauri itenganishe makundi haya matano, kwa kila kata, na itoe orodha hiyo pamoja na makadirio ya bajeti. Jambo hili si geni duniani. Nchini Uingereza, upande wa England, halmashauri hutakiwa kila mwaka kuonyesha kwamba ina maeneo ya kutosha nyumba za miaka 5, na eneo haliingii kwenye hesabu mpaka liwe linapatikana sasa, lipo mahali panapofaa, na kuna matumaini ya kweli kwamba nyumba zitasimama ndani ya miaka hiyo 5. Halmashauri ikishindwa kuonyesha hivyo, inapata taabu kukataa maombi ya waendelezaji, hata yale yasiyolingana na mpango wake. Hatuombi kuiga sheria yao, kwa sababu kule kazi kubwa hufanywa na waendelezaji binafsi na hapa mtu hujenga nyumba yake mwenyewe, chumba kwa chumba. Tunachokitaka ni ule utaratibu wa kuhesabu kinachojengeka tu.

Fidia ndiyo fundo

Wanachama wengi huuliza kwa nini eneo lililochorwa kwa ajili ya viwanja, shule na soko linaishia kuvamiwa. Mlolongo wake unajirudia karibu kila mahali. Halmashauri inatangaza eneo la kupangwa. Wenye mashamba wanaambiwa wasiendeleze. Uthamini unafanyika, kisha fedha haziji. Mkulima ana ada za shule za kulipa, anaanza kukata vipande na kuuza usiku kwa karatasi ya mauziano ya serikali ya mtaa. Mnunuzi anajenga haraka ili akutwe ndani. Fedha zinapopatikana, thamani ya eneo imepanda mara kadhaa, uthamini wa zamani haufai, na mchoro nao haufanani tena na hali iliyopo uwandani.

Sheria imeliona hilo. Chini ya Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016, fidia inatakiwa ilipwe ndani ya miezi 6 tangu uthamini uidhinishwe na Mthamini Mkuu. Ikizidi hapo inaanza kuzaa riba, na uthamini wenyewe hupoteza nguvu baada ya miaka 2. Kwa hiyo halmashauri inayothamini bila kuwa na fedha mkononi inajichimbia deni, kisha inalazimika kuthamini upya kwa bei ya juu zaidi.

Wanachama mnaoguswa na utwaaji wa ardhi, kagueni jedwali la fidia mstari kwa mstari kabla ya kuweka sahihi. Fidia kamili si bei ya nyumba na miti peke yake. Inatakiwa iwe na thamani ya soko ya ardhi yenyewe, maendelezo yaliyomo, posho ya usumbufu, posho ya makazi ambayo ni pango la soko la nyumba husika kwa miezi 36, na posho ya usafiri inayokokotolewa kwa gharama ya kuhamisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Mwenye biashara huongezewa hasara ya faida. Kasoro tunazokutana nazo zaidi ni posho ya makazi kukosekana, na ardhi tupu kuandikwa kama haina thamani kwa sababu haina mazao.

Upo ushahidi kwamba fedha ikitangulia kazi inakwenda. Mradi wa Viwanja 20,000 wa Dar es Salaam, ulioanza 2002 kwa mkopo wa Hazina, ulilipa fidia, ukapima, ukauza, na mauzo yakarudisha fedha. Kibada, Kisota, Tuangoma, Gezaulole, Buyuni, Bunju na Mbweni ni matunda yake, na lengo la idadi lilivukwa. Dosari zake nazo zisisahaulike: maji na barabara vilichelewa, viwanja vingi vikakaa miaka bila nyumba huku vikibadilisha wamiliki, na sehemu ya waliolipwa walikwenda mbele kidogo ya mji kuanzisha makazi mengine yasiyopangwa. Halmashauri inayokopa leo kwa ajili ya kupanga, kupima na kumilikisha isome yote mawili.

Ukubwa na umbo la kiwanja

Hapa tumebishana na wataalamu wa halmashauri kwa heshima, na bado tunabishana. Hekta 1 ni mita za mraba 10,000. Barabara zikichukua robo, na maeneo ya wazi pamoja na huduma za jamii yakachukua kiasi cha asilimia 15, zinabaki mita za mraba 6,000 za kuuza. Viwanja vya wastani wa mita za mraba 400 vinakuwa 15. Vya mita za mraba 800 ni 7, na pande inayobaki. Fidia ni ileile, barabara ni zilezile, lakini gharama inagawanywa kwa watu nusu. Kisha tunashangaa mwalimu na mama lishe hawamudu kiwanja cha halmashauri na wanakwenda kununua kwa dalali.

Umbo lina uzito wake pia. Kiwanja cha mita 20 kwa 20 na cha mita 16 kwa 25 vyote ni mita za mraba 400. Barabara inayohudumia viwanja pande zote mbili humwangukia mmiliki wa kwanza kwa mita 10 za urefu, na wa pili kwa mita 8. Bomba la maji, nguzo na mtaro hufuata hesabu hiyohiyo. Kwa kitalu chenye viwanja 200 tofauti ni mita 400 za barabara ambazo hazihitaji kuchongwa kabisa. Tumependekeza viwanja vya ujazo mkubwa, yaani vidogo vinavyopangwa vingi eneo moja, vichorwe vyembamba mbele na virefu nyuma, na viwanja vikubwa vibaki kwenye miteremko na sehemu ambazo mashimo ya maji taka yanahitaji nafasi.

Kuna jambo ambalo hatutalegeza: viwanja vya shule, zahanati na maeneo ya wazi vimilikishwe kwa hati kwa taasisi husika mara tu upimaji ukisajiliwa. Kiwanja cha umma kisicho na hati hakina wa kukitetea, na ndicho cha kwanza kubadilishiwa matumizi.

Urasimishaji

Kwa wanachama waliojenga kwenye maeneo yasiyopangwa, njia ni urasimishaji, yaani kupanga, kupima na kumilikisha makazi yaliyokwisha kujengwa. Hatua zake ni mkutano wa mtaa na kuundwa kwa kamati ya urasimishaji, utambuzi wa kila kipande na mmiliki wake, mchoro unaozingatia nyumba zilizopo, makubaliano ya kuachia njia, kuidhinishwa kwa mchoro, kusimika bikoni na kupima, kuidhinishwa kwa ramani ya upimaji, kisha maombi ya hati na malipo ya ankara.

Mahali ambapo kazi inakwama si mwanzoni. Inakwama kwenye njia. Kila mtu anakubali barabara ipite, mradi ipite kwa jirani. Kamati dhaifu humaliza ubishi kwa kupunguza upana, na matokeo yake mtaa unapata hati huku gari la zimamoto na gari la kunyonya maji taka haviingii. Ushauri wetu ni kwamba njia zikubaliwe na kuwekewa vigingi uwandani kabla mchoro haujachapwa, kila anayeachia ardhi asaini, na mwenye kipande kidogo kinachomegwa zaidi afidiwe na majirani wanaonufaika. Makubaliano yanayofanyika mbele ya kompyuta ya mchoraji huvunjika siku ya bikoni.

La pili ni michango. Kuna makampuni yaliyokusanya fedha za wananchi, yakachora, yakasimika bikoni, kisha yakatoweka kabla ramani ya upimaji haijawasilishwa kuidhinishwa. Mtaa usilipe kazi nzima kwa mkupuo. Awamu ya kwanza itolewe mchoro ukishaidhinishwa, ya pili bikoni zikishasimikwa, na ya mwisho mtaa ukikabidhiwa nakala ya ramani ya upimaji yenye namba ya usajili. Bikoni ardhini bila ramani iliyosajiliwa haina kazi, ni zege tu.

Leseni ya makazi ipo kama hatua ya muda. Inatambua ukaaji, lakini si hati miliki ya miaka 33, 66 au 99, na asiwepo mwanachama anayeuziwa kipande akiambiwa ni kitu kimoja.

Tahadhari kwa wanunuzi

Kamati imepokea malalamiko mengi ya milki pandikizi, yaani mchoro mpya kuchorwa juu ya mchoro wa zamani na kiwanja kimoja kuwa na barua mbili za toleo (barua ya kumpa mtu kiwanja). Kabla ya kulipa, fanya upekuzi rasmi ofisi ya ardhi, na uulize mambo mawili: namba ya mchoro wa mipango miji, na namba ya ramani ya upimaji. Muuzaji mwenye cha kwanza bila cha pili anauza matarajio.

Wengine hutembea na simu kuhakiki viwanja na kurudi wakisema wametapeliwa. Angalieni sana: ramani nyingi za upimaji nchini zimetumia mfumo wa viwianishi (namba zinazoonyesha mahali) uitwao Arc 1960, na simu hutumia mfumo mwingine, WGS 84. Ukiingiza namba za ramani kwenye simu bila kuzibadilisha, utasimama takribani mita 300 mbali na kiwanja chako. Hata zikibadilishwa, simu hukosea kwa mita kadhaa, kwa hiyo inafaa kutambua mtaa na haifai kutambua mpaka. Mpaka huonyeshwa na mpima.

Epukeni pia viwanja vilivyomo ndani ya mita 30 kutoka katikati ya barabara kuu au ya mkoa, na ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, ziwa au bahari. Bei yake nafuu inaeleza yenyewe.

Vijiji vinavyomezwa na mji

Mji unapoingia kijijini, ardhi ya kijiji haigeuki ya mjini kwa sababu bei imepanda. Kuihamisha kuwa ardhi ya jumla, yaani isiyo ya kijiji wala ya hifadhi, kuna utaratibu chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Eneo lisilozidi hekta 250 linahitaji ridhaa ya mkutano mkuu wa kijiji. Likizidi hapo, uamuzi ni wa Waziri baada ya kijiji kutoa maoni yake. Matawi yetu ya pembezoni yahudhurie mikutano hiyo na yadai muhtasari uliosainiwa, kwa sababu bila muhtasari ridhaa huandikwa baadaye na watu wengine.

Yanayohitaji uamuzi wa mkutano huu

Kamati inaomba ridhaa kwa mambo mawili. La kwanza, tuwasilishe kwa Kamati ya Mipango Miji ya halmashauri ombi la orodha ya makundi matano, kwa barua yenye sahihi za matawi yote. La pili, tudai kwamba hakuna uthamini mpya utakaoanza kabla fedha yake haijaonekana kwenye kasma (fungu) ya bajeti iliyopitishwa. Mwaka wa fedha unaanza Julai 1, na makadirio hupita Baraza la Madiwani miezi kadhaa kabla ya hapo. Hoja inayoletwa Mei ni ya mwaka unaofuata.

Fomu za kuorodhesha viwanja zipo kwa katibu. Kila tawi lijaze kwa namba ya kitalu na namba ya kiwanja, si kwa jina la mmiliki, lionyeshe kila kiwanja kipo kundi gani kati ya yale matano, na lirudishe fomu kabla kamati haijakaa kuandaa hoja za bajeti.

Mwenyekiti